Tembo la mnazi: kinywaji cha mapovu kisichojua kungoja

Viputo vinavyopanda katika bilauri ya shampeni na povu linalofurika katika kibuyu cha tembo la mnazi vina asili moja. Hamira hula sukari, ikatoa kileo na hewa ya ukaa. Kinachotofautisha vinywaji hivi viwili ni muda, na muda huo ndio unaoamua mgema wa Rabai au Kaloleni atarudi nyumbani na shilingi ngapi baada ya kupeleka tembo lake Mombasa.

Nchini Ufaransa, mvinyo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa iliyozibwa, na kwa kuwa hewa haina pa kutokea, hubaki humo ikiwa na kani ya takriban mara 6 ya ile ya angahewa. Kanuni za jimbo la Champagne hudai mvinyo huo ukae miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa. Familia ndogo za majimbo mengine hutumia njia hiyo hiyo, lakini haziruhusiwi kutumia jina la shampeni. Mvinyo wao huitwa Crémant na bei yake huwa nafuu. Wajuao mambo haya huutafuta huo.

Mgema hana miezi. Hukwea mnazi alfajiri na jioni, akakata kwa kotama ncha ya kole changa lingali ndani ya karara, kisha akaning'iniza kibuyu au chombo cha plastiki kukinga maji yanayodondoka. Hukata upande mwembamba tu kila mara, maana akikata sana kole huisha kabla ya wakati wake. Maji hayo yana sukari ya asilimia 12 hadi 15, na hamira iliyomo hewani na katika mabaki ya chombo huanza kazi papo hapo. Kwa saa chache tu huitwa tembo tamu. Kabla ya siku kwisha limekuwa kali, lenye kileo cha asilimia 4 au 5, na kesho yake bakteria wameanza kuligeuza kuwa siki.

Ndiyo sababu jerikeni la tembo halifungwi kifuniko barabara likisafirishwa, likifungwa, hufura. Kulitia katika chupa bila kulichemsha ni kutafuta mlipuko, na kulichemsha ni kuua hamira yenyewe inayotoa mapovu. Methali inamlaumu mgema kwa kulitia tembo maji akisifiwa, lakini jua na foleni ya magari barabarani humharibia mengi zaidi.

Kwa familia ya Kimijikenda, kugema ni uamuzi mzito. Kole linalogemwa halizai nazi, na nazi huchukua takriban mwaka mzima kukomaa. Tembo huleta fedha leo. Tena si kinywaji cha starehe tu: huhitajika katika mahari, matanga na vikao vya wazee. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu kuhusu Wagiriama mwaka 1972, alieleza jinsi mauzo na rehani za minazi zilivyohitaji wazee kuwa mashahidi.

Sheria nayo iliandikwa kwa kufikiria chupa. Ile ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni siku za kazi. Bia husubiri saa hiyo bila kudhurika, ilhali tembo la alfajiri huwa limeshapita utamu wake. Katiba ya mwaka huo huo iliwapa magatuzi mamlaka ya kutoa leseni za vileo, na serikali za kaunti za pwani, ambazo wagema ni wapiga kura wao, ndizo zenye nafasi ya kupanga saa zinazolingana na kinywaji hiki.

Katika Mji wa Kale, wenye msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570, wakazi wengi ni Waislamu na tembo kwao ni haramu, liwe tamu kiasi gani maadamu limeanza kulevya. Hata hivyo, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, huhalalisha kileo kilichogeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu. Tembo lililomkosesha mgema mnunuzi jana, likiachwa likachacha kabisa, laweza kuingia jikoni humo kwa achari na kachumbari.