Sababu ya Muuaji: Je, Lazima Ithibitishwe?

Sifa zote njema anastahiki Allah.

Wengi wetu visiwani tuna jamaa wanaofanya biashara Mbeya na Iringa, na wanayakumbuka mauaji ya kuchuna ngozi za watu yaliyoitikisa Mbeya zaidi ya miaka 20 iliyopita. Ilisemekana ngozi hizo ziliuzwa kwa ajili ya uchawi. Tunaulizwa: mnunuzi asipojulikana, muuaji ataachiwa?

Haachiwi kwa hilo peke yake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha nia na sababu. Nia ya kuua lazima upande wa mashtaka uithibitishe. Sababu, kama tamaa ya pesa, si sharti. Ila huupa nguvu ushahidi, hasa pasipokuwa na aliyeshuhudia kwa macho. Aliyeagiza naye, akithibitika, huhesabiwa mkosaji sawa na aliyetenda. Lakini sababu tupu haimtii mtu hatiani: wenye tamaa ni wengi, wauaji ni wachache.

Wanazuoni wetu wa Kishafi wana mwelekeo wa karibu na huo. Moyo haufunguliwi, hivyo hutazamwa kilichotumika: aliyempiga mwenzake kwa kitu ambacho kwa kawaida huua, huhesabiwa amekusudia.

Basi ukiitwa mahakamani, sema ulichokiona na kukisikia mwenyewe: silaha, pesa zilizopokelewa, maneno ya kupanga. Usifiche, kwani Allah amekataza kuficha ushahidi. Wala usiongeze dhana. Dhana humtia kitanzini asiye na kosa, na ukimya humrejesha muuaji mtaani.

Wallahu a'lam.