Vioo vya Kale katika Nyumba za Kasaji

Kasaji, mji wa mkoa wa Lualaba ulio kando ya reli itokayo Tenke kwenda Dilolo, haukujaliwa maduka ya samani za fahari, na mtu atakaye kuipamba sebule yake hana budi ama kuagiza vitu Kolwezi, ama kumwendea seremala wa mtaani, ama kuyatazama upya yale makabati makongwe ya zama za Wabelgiji ambayo leo yamesukumwa pembeni yakiwekewa magunia juu. Njia hii ya tatu ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa nyumba. Kwani mbao za kabati zinapokwisha kuliwa na mchwa, kioo kilichokuwa mlangoni pake aghalabu hubaki kizima, kirefu na kizito, kikingoja mtu wa kukitambua thamani.

Reli hiyo ilipounganishwa mwaka 1931 na ile ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, shaba ya Katanga ilipata njia ya kushukia bahari ya Atlantiki, na bidhaa za Ulaya zikapata njia ya kupandia bara. Wageni walipoondoka, wengi baada ya uhuru wa 1960 na wengine mali zao zilipotwaliwa baada ya tangazo la serikali la mwaka 1973, vyombo vizito visivyochukulika kwa urahisi vilisalia nyuma, makabati hayo yakiwamo.

Historia ya vioo vyenyewe ni ndefu: kabla ya kioo cha bilauri kuenea, watu wa mataifa ya kale, Wamisri miongoni mwao, walijitazama katika bamba la shaba lililosuguliwa hata likang'aa. Baadaye mafundi wa Venisi, katika kisiwa cha Murano, walisifika kwa vioo vilivyowambwa bati na zebaki, na ufalme wa Ufaransa ukashindana nao hata ukajenga Versailles ule ukumbi wa vioo 357, uliokamilika mwaka 1684. Mwaka 1835 Justus von Liebig, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, aligundua namna ya kuigandisha fedha juu ya kioo, na zebaki ikaanza kuachwa kidogo kidogo. Katika karne ya 20 viwanda vingi vikawa vinaifunika fedha hiyo kwa utando wa shaba, kisha rangi, ili unyevu usiifikie; basi mwenyeji wa Lualaba anayekigeuza kioo cha kabati, akaona pale rangi ilipobanduka mng'ao mwekundu anaoujua tangu utoto, asistaajabu.

Kukitambua kioo cha zamani si kazi ngumu. Kingo zake mara nyingi zimechongwa mshazari, na jua la asubuhi likizipiga hutawanya rangi za upinde wa mvua ukutani. Sura haitulii sawasawa, bali huyumba kidogo mtu anapopita. Na madoa meusi huanzia chini, ambako maji hutuama katika mfuo wa mbao. Gusisha ncha ya ufunguo juu yake: nafasi iliyopo baina ya ncha na taswira yake itakuonyesha unene wa kioo, ambao katika vile vya rahisi vya sokoni ni haba mno.

Lakini jambo kubwa ni mahali pa kukitundika, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kazi ya kioo ni kuonyesha nyuso tu. Binti Sultani Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi vyumba vya wenye uwezo kisiwani vilivyokuwa na vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, vikisimama kati ya zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure na bilauri. Chumba cha namna ile kilizidishiwa nuru na vyombo vyake. Nyumba ya matofali yenye dirisha dogo haihitaji zidaka wala kaure ili ipate neema hiyo: kioo kimoja kikiwekwa ukuta ulioelekeana na dirisha, au ubavuni mwa taa ya sola usiku, chumba hupata nuru ambayo hapo awali ilipotelea ukutani. Kisielekezwe mlangoni mwa choo, wala kisiwekwe mahali kitakapoonyesha rundo la masufuria. Kioo huzidisha uchafu kama kizidishavyo nuru.

Kwa fremu, seremala apewe mbao ngumu iliyokauka barabara. Wachokwe wa nchi hizi walivipamba viti vya enzi vya wakuu wao kwa misumari ya shaba ya njano iliyopangwa kwa safu, na sioni kwa nini nakshi hiyo isihamie kwenye fremu, kuliko kuiga maua ya plasta ya Kizungu. Ukuta wa tofali mbichi usiaminiwe kubeba mzigo wote kwa msumari mmoja. Kioo kikae juu ya kigogo kilichokazwa, na nyuma yake iachwe nafasi ya hewa kupita, maana mvua za masika hazina huruma. Wazee watakifunika kwa kitenge radi zinapovuma. Kioo hakiiti radi, lakini kitambaa hakikidhuru, na amani ya nyumba ni bora kuliko ubishi.

Kukisafisha, tumia kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha kikavu. Usikimwagie maji, yatapenya ukingoni yakaile fedha. Madoa yaache. Na kama ni kile cha zamani sana cha bati na zebaki, usikikwangue mgongoni kabisa, wala watoto wasikichezee kikivunjika, kwani zebaki ni sumu. Wewe mwenye kabati bovu uani, kabla hujalipasua kuni, mwite seremala akitoe kioo kwanza.