Herufi Zinazopotea Njiani: Tuliyoyaona kwa Wapiga Chapa wa Moshi

Leo twaomba ruhusa ya wanachama tuache kidogo habari za karafuu, makonyo na bei ya pishi, tuseme habari za karatasi. Matawi yetu siku hizi yatengeneza yenyewe, kwa kompyuta, matangazo ya mikutano, orodha za bei na vijitabu vya kufundisha uanikaji, kisha huyapeleka kwa mpiga chapa. Kazi hiyo ni njema na twaipenda. Ila mara kwa mara ukurasa uliotoka ofisini mzuri hurudi kutoka kiwandani umeharibika: mistari imeruka, maneno ya mwisho yameangukia ukurasa wa pili, na palipokuwa na alama ya nusu pana kisanduku kitupu. Hapo mwenye tawi humlaumu mpiga chapa, na mpiga chapa humlaumu mwenye tawi, na fedha ya chama imekwisha kwenda.

Wakulima wenzetu wa kahawa wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro wanaijua shida hii vizuri, maana mji wao ni mji wa ushirika, na ushirika haukosi karatasi. Chama chao cha kwanza cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaja muungano wa vyama vya mlimani, KNCU. Katika miaka ya 1950 walikuwa na gazeti lao likiitwa Komkya. Basi tulipokwenda huko kutazama maghala ya kahawa, tuliomba pia kuingia katika kiwanda kimoja cha kupigia chapa, tukakaa asubuhi nzima tukiuliza maswali.

Zamani za herufi za risasi jambo hili lilikuwa jepesi kufahamika. Mpangaji alisimama mbele ya kasha lake, akaokota herufi moja moja. Herufi isipokuwamo katika kasha, aliona kwa macho yake, akaenda kumwuliza mwenye kazi afanyeje. Kompyuta haiulizi. Ikikosa herufi huchukua nyingine iliyo karibu, ikaiweka kimya kimya, na kazi ikaendelea.

Sababu yake ni hii. Ukurasa ulioandikwa kwa kompyuta, kwa kawaida, hauna herufi ndani yake. Una maneno, na pamoja na maneno una jina la sura ya herufi itakiwayo, ambayo watu wa kompyuta huiita fonti. Ni mfano wa hati ya kutolea magunia ghalani: hati si magunia. Ukiipeleka kwenye ghala lisilo na magunia yako, hutapata kitu, au utapewa ya mtu mwingine. Kompyuta ya kiwandani ikiwa haina fonti uliyoitaja, huenda ikaweka Courier, ile inayofanana na mashine ya taipu, ambayo kila herufi yake ina upana mmoja. Maneno yakipanuka mstari hujaa, na mstari ukijaa ukurasa mzima husogea.

Na hata jina likiwa moja, usiridhike. Kuna Garamond nyingi, kila moja ya mtengenezaji wake, na upana wa herufi zake si sawa. Fundi wa Moshi alituambia kuwa hizo zenye majina yanayofanana zamsumbua kuliko zile zisizokuwapo kabisa, maana kwa mbali zote zaonekana sawa.

Sasa tusimulie kisa tulichosimuliwa huko, ili ijulikane kuwa hili si jambo la urembo. Chama kimoja cha msingi cha mlimani, ambacho hatukitaji jina, kilitaka kuwagawia wanachama karatasi ya upigaji wa dawa ya shaba dhidi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi, nao ukiachwa hula sehemu kubwa ya mavuno. Karani aliandika kipimo cha vijiko 2½ kwa bomba moja. Fonti aliyoichagua, ya madoido kidogo, ilikuwa na alama ya nusu. Fonti iliyowekwa badala yake kiwandani haikuwa nayo. Karatasi zikatoka zimeandikwa vijiko 2, na baada ya tarakimu hiyo nafasi tupu ambayo hakuna mtu angeitilia shaka. Na palipokuwa na alama za tiki, kuonyesha mambo yaliyo sawa, pakatokea ü, kwa sababu tiki ile hutoka katika fonti ya picha iitwayo Wingdings, na ü ndiyo herufi iliyojificha chini yake. Wote waliiona ü wakacheka. Hakuna aliyeiona nusu iliyopotea, mpaka mama mmoja aliyekuja kuchukua karatasi yake alipouliza mbona mwaka uliopita walipimiwa dawa zaidi. Karani na vijana wawili walikaa chini wakairudisha ile nusu kwa kalamu, karatasi baada ya karatasi, na majira ya kupiga dawa yamekwisha anza.

Nasi tuna vipimo vyetu: bei za madaraja ya karafuu, kiasi cha unyevu, tarehe za kupokea. Mwanachama atakayesoma kosa la bei hatajua kuwa ni kosa la herufi. Atasema chama kimemdanganya.

Kiswahili chetu, kwa bahati njema, hakina herufi nyingi za ajabu. Kina mahali pamoja tu penye hatari, napo ni ng'. Ile alama ndogo ya juu ikiwa imepinda, ikaandikwa katika kompyuta ya Macintosh kisha ikafunguliwa katika Windows bila ya kugeuzwa sawasawa, Ng'ambo yetu hutoka NgÕambo. Siku hizi huonekana zaidi balaa nyingine, yaani Ngâ€™ambo, alama tatu mahali pa moja. Yafaa kila tawi, kabla ya kupeleka kazi, litafute ng' zote katika ukurasa na kuzitazama.

Wenyeji wa mlimani wana mzigo mkubwa zaidi. Wamisionari wa Leipzig walioandika Kichagga, kama Johannes Raum ambaye sarufi yake ya Kimochi ilitolewa mwaka 1909, walitia alama katika herufi ili kutenga sauti ambazo alfabeti ya Kizungu haizitengi. Kabla ya mpango wa Unicode, ulioanza kutolewa mwaka 1991 na kuipa kila herufi namba yake, mtu mwenye lugha ya namna hiyo alikuwa akichukua alama asiyoitumia na kuchora herufi yake mahali pake. Fonti yake ikikosekana kiwandani, alama ile ya kwanza yarudi katikati ya neno. Nasi visiwani tuna ndugu wa shida hiyo katika maandiko ya Kiarabu. Tumeziona kadi za arusi ambazo Bismillahi imetengana herufi kwa herufi, tena yaanzia kushoto.

Dawa yake ni kupeleka magunia pamoja na hati. Usimpelekee mpiga chapa faili ya Word au ya Publisher peke yake. Geuza kazi iwe PDF, namna ya faili iliyotolewa mwaka 1993 kwa ajili ya haja hii hii, na uhakikishe kuwa fonti zimetiwa ndani yake. Iko namna maalumu ya wapiga chapa, PDF/X, ambayo hukataza kabisa fonti kubaki nje. Kompyuta yako ikiwa nayo, ichague hiyo. Kisha ifungue faili katika Acrobat Reader, uende mahali pa sifa za faili, utaona orodha ya fonti zote. Mbele ya kila jina sharti paandikwe Embedded, au Embedded Subset, maana yake zimetiwa zile herufi zilizotumika tu. Jina moja likikosa neno hilo, kazi haijawa tayari kuondoka. Atumiaye InDesign anayo pia amri ya kukusanya ukurasa, picha na fonti katika mfuko mmoja, lakini fonti nyingine zina mwenyewe, na ruhusa ya kuzitumia si ruhusa ya kuzigawa.

Wako wanaogeuza maneno yote kuwa michoro ili fonti isihitajike. Kwa kichwa cha habari au nembo ya chama, sawa. Kwa ukurasa mzima hatuwashauri: kosa likionekana kiwandani hakuna awezaye kulisahihisha, na herufi ndogo huenda zikanenepa.

Tena msipende kibonyezo cha kukoleza herufi pasipo kujua kama fonti yenyewe ina sura nzito. Isipokuwa nayo, kompyuta hubuni, na iliyobuniwa yaweza kupotea njiani. Matawi yenye kurasa za tangu miaka ya 1990 yajue pia kuwa fonti za zamani za namna ya Type 1 hazipokelewi tena na programu za Adobe tangu Januari 2023. Kurasa hizo zapaswa kupewa fonti mpya na kusomwa upya tangu mwanzo.

Mwisho wa yote ni prufu. Dai prufu ya karatasi kabla pleti haijatengenezwa, na msiisome mtu mmoja. Mmoja ashike nakala ya ofisini, asome kwa sauti kila tarakimu, kila nusu na robo, kila ng'. Wa pili afuate kwa kidole katika prufu. Orodha ya bei ya ukurasa mmoja haichukui hata robo saa.

Kwa matangazo ya msimu ujao, twaomba kila tawi lituletee vitu viwili pamoja: PDF yenye fonti zake ndani, na nakala ya karatasi iliyotiwa sahihi ya karani na ya mwenyekiti. Kitakachokuja kimoja bila ya mwenziwe kitangoja ofisini.