Mto Mara Unahitaji Daftari

Msikilizaji wetu mmoja wa Tarime ameuliza: samaki wakifa mtoni, sisi wananchi tutajuaje kama wameuawa na sumu au na kitu kingine? Swali hilo ni la haki, na ndilo tutakalolizungumza wiki hii.

Wengi mtakumbuka mwezi Machi 2022. Maji ya Mto Mara, katika eneo la daraja la Kirumi kwenye barabara ya Musoma kwenda Tarime na Sirari, yaligeuka kuwa meusi, na samaki wakaelea. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Wananchi wengi hawakukubali. Swali la vijiweni lilikuwa moja: kwani ng'ombe wameanza lini kunywa maji ya Mara? Tena watu wa Tarime hawajasahau mwezi Mei 2009, pale maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigite, ambao humwaga maji yake katika Mara. Ubishi juu ya madhara yake ulidumu miaka mingi.

Tuanze na hilo la kinyesi, maana watu walilicheka. Ukiwasha jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, moto unakula hewa na wewe unadhurika. Uozo ndani ya maji hufanya vivyo hivyo. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi na majani hutumia oksijeni ile ile anayoitegemea samaki. Watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya walionyesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko, ambao huko ni zaidi ya 4,000, hurundikana katika madimbwi wakati wa kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wote husukumwa mtoni kwa mkupuo mmoja, oksijeni huporomoka, na samaki hufa. Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua samaki, hilo si kichekesho. Lakini je, hiyo ina maana kwamba kila samaki afapo aliyemuua ni kinyesi? La hasha.

Hapo ndipo penye tatizo. Kamati hufika baada ya tukio, kama daktari aliyeitwa msibani. Maji yaliyoua yamekwisha kupita, yameingia Ziwa Victoria. Ili ujue mgonjwa ana homa, lazima ujue joto lake la siku zote. Mto nao unataka mtu wa kuuangalia siku zote, na mtu huyo hawezi kutoka Dodoma. Ni mwanakijiji wa Tarime au wa Serengeti, wilaya mbili ambazo mto huzipitia, moja kila ukingo, mara utokapo Hifadhini.

Kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Kina cha maji husomwa kwenye nguzo yenye alama, asubuhi na jioni. Usafi wake hupimwa kwa wadudu. Geuza mawe ya mtoni, kinga kwa chandarua, hesabu. Wako viluwiluwi vya wadudu wasiovumilia maji yenye hewa kidogo, na wako minyoo myekundu wanaostawi katika uchafu. Wale wa kwanza wakitoweka na hawa wa pili wakizidi, mto unaugua, hata kama maji yanaonekana maangavu. Wataalamu wa Tanzania wamekwisha kutengeneza utaratibu wa kuipa mito alama kwa njia hiyo.

Tusidanganyane, lakini. Mdudu hatakutajia zebaki. Hiyo inataka maabara, na sampuli iliyochukuliwa siku ile ile mbele ya wanakijiji, ikafungwa na kutiwa lakiri.

Jambo hili limewahi kufanyika nchini, tena baharini. Kuanzia mwaka 1994, katika mradi wa pwani ya Tanga, wavuvi wa vijijini walifundishwa kuzamia na kuhesabu matumbawe na samaki. Miamba yao ilikuwa imevunjwavunjwa na baruti. Waliohesabu ndio waliokaa kuamua mwamba upi ufungwe upumzike. Baruti ilirudi baadaye doria zilipolegea, hilo nalo lisemwe, lakini wavuvi wakawa na takwimu zao wenyewe.

Kwa upande wa Mara chombo kipo. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatambua Jumuiya za Watumia Maji, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ugumu uko kwa ng'ombe. Humwambii Mkurya au Mngoreme asifikishe mifugo mtoni bila kumwonyesha birika la kunyweshea mahali pengine. Bila birika, mche wowote utakaopandwa ukingoni ni malisho. Jambo la namna hiyo huzungumzwa kwenye ritongo, wazee wakiwepo, wala si kwa bango. Na mkazi wa Musoma asidhani hayamhusu: samaki anayemnunua sokoni huenda alizaliwa katika mafunjo ya mdomo wa mto huo.

Tangu mwaka 2012, kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Miche hupandwa na picha hupigwa. Tungependa safari ijayo mgeni rasmi aulize miche ya mwaka uliopita iliyo hai ni mingapi, na mwenyekiti wa kijiji afungue daftari amjibu.