Majina Yaliyobaki Baada ya Wapagazi

Kila siku tunataja majina ya miji na mitaa bila ya kujiuliza yametoka wapi. Katika makala haya tumechagua majina matatu ya Mrima: Bagamoyo, Dar es Salaam na Kariakoo. Mawili kati yao yameshikana na kazi moja ya zamani, nayo ni upagazi wa misafara.

Upagazi ni nini?

Kabla ya reli na magari, bidhaa za bara zilifika pwani juu ya mabega na vichwa vya watu. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30, akatembea nao kwa miezi. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Kutoka pwani zilikwenda shanga, waya za shaba na nguo, kama vile merikani, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani. Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hii, nao waliifanya kwa ujira. Lakini tusisahau kuwa katika njia hizo hizo walipitishwa pia watumwa, ambao hawakuwa na hiari wala ujira.

Bagamoyo

Hapo ndipo njia kuu ya kutoka Ujiji na Tabora ilipoishia. Jina lenyewe huelezwa kuwa limetokana na "bwaga moyo", na maelezo yake ni mawili. Wapo wasemao kuwa mpagazi akifika hapo hutua mzigo, moyo ukapumzika. Wengine husema ni maneno ya mtumwa aliyeiona bahari akajua kuwa kwao harudi tena, basi moyo wake akauacha hapo. Neno ni moja, lakini kwa mmoja ni raha na kwa mwingine ni msiba. Sisi tunaona ni vyema kuyahifadhi maelezo yote mawili, kwani watu wa aina zote mbili walipita hapo.

Habari za safari hizo hazikupotea zote. Mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, alikwenda Ujerumani kusomesha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903. Humo mna habari za ndoa, mazishi, malezi ya watoto na safari za bara. Laiti asingeshika kalamu, mengi katika hayo tusingeyajua.

Dar es Salaam

Mji huu ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwanafunzi wa madrasa halimpigi chenga jina hili: Daarus-Salaam, nyumba ya amani, limo katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 127, na Sura ya Yunus, aya ya 25.

Kariakoo

Wengi hudhani Kariakoo ni neno la kabila fulani. Sivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa "Carrier Corps". Walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi waliwekwa kambi mahali hapo. Wenyeji wakalitamka jina kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, na asili ni hiyo hiyo.

Wapagazi hao hawakuwa kama wale wa misafara. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakabeba vyakula na risasi katika mvua na matope. Makadirio ya waliokufa yanapita 90,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Makaburi ya wengi hayajulikani, wala majina yao.

Katikati ya jiji la Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, kuwa walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu. Wapita njia wengi hawawezi kuzisoma herufi hizo, nyinyi mnaweza. Mkipita hapo simameni mzisome.

Na mtaa wako je, uliitwaje, na nani aliuita hivyo? Waulizeni babu na bibi wakiwa bado wapo, kisha andikeni katika daftari jibu, jina la aliyewajibu na tarehe. Wakitofautiana, andikeni kauli zote. Mwinyi Bakari alimwacha mwana aliyeandika. Wapagazi wa Kariakoo hawakubahatika.