BUNDUKI YA KWANZA: FIKIRI KABLA YA KUNUNUA

Mkulima anayekesha usiku akiwafukuza nguruwe-mwitu katika mahindi yake, na mchana akapambana na nyani, huanza kutamani bunduki. Haja hiyo yaeleweka. Lakini anunuaye bunduki kwa mara ya kwanza mara nyingi hujifunza baadaye mambo ambayo ingefaa ayajue mapema. Haya ndiyo yaliyo makubwa.

1. Anza na sheria, si na duka. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yakataza mtu kununua bunduki au kuwa nayo pasipo cheti. Cheti hakipatikani kwa kuomba tu. Sharti uonyeshe sababu ya kutosha. Usitoe fedha kabla ya kukipata. Ukiuziwa kwa siri, wewe na muuzaji nyote mmevunja sheria.

2. Jiulize ni ya kazi gani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yawalinda wanyama wa mwituni. Cheti cha bunduki si ruhusa ya kumpiga nyani. Mimea ikiharibiwa, peleka habari kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Ua imara, mbwa, na zamu ya ulinzi pamoja na majirani, hayo ni mambo unayoweza kuanza leo.

3. Pima shamba lako. Shamba la ekari 10 lililo mraba lina kama mita 200 kila upande. Risasi ndogo ya .22, ambayo anayeanza huidharau, yaweza kwenda zaidi ya mita 1,000. Yaani yaweza kuvuka mashamba matano na kumfikia mtu usiyemwona. Kwa hiyo usipige kamwe ila nyuma ya shabaha kuna udongo wa kuizuia risasi.

4. Hesabu gharama zote. Bei ya bunduki ni mwanzo tu. Utahitaji sanduku la chuma lenye kufuli, risasi, mafuta, vyombo vya kusafishia, ada na mafunzo. Linganisha jumla hiyo na thamani ya mahindi yaliyoliwa. Huenda ukaona kwamba seng'enge ni nafuu.

5. Chagua ikufaayo. Anayeanza hupenda bunduki kubwa, lakini yenye kishindo kikali humfanya afumbe macho na kukosa shabaha. Kitako kikae vizuri begani, na uzito usikuchoshe mikono. Ikiwa imetumika, ichunguzwe na fundi mwenye leseni: atazame kutu ndani ya mtutu, na namba iliyochongwa ilingane na hati za muuzaji.

6. Itunze nyumbani. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umezitoa wewe mwenyewe. Usimwelekezee mtu mtutu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga. Risasi zifungiwe mahali mbali na bunduki, na watoto wasijue ufunguo ulipo. Ikipotea, waarifu polisi mara moja.

Ng'ombe aliyenunuliwa kwa haraka aweza kurudishwa sokoni. Risasi ikiisha kutoka, hairudi.