Tamasha la dansi ya kisasa linawasaidiaje wachezaji?

Huku kwetu Masasi na Newala, kikundi cha ngoma huitwa zaidi pale kiongozi anapokuja. Kila kikundi hupewa dakika chache, hucheza kikielekea meza kuu, kisha hushuka kupisha kingine. Wachezaji wa Lupaso na wa Newala wanaweza kupanda jukwaa moja miaka nenda rudi bila kujuana hata majina. Tamasha la kila mwaka huendeshwa kwa namna nyingine.

Dansi ya kisasa ni nini?

Hapa hatuzungumzii muziki wa dansi wa Msondo Ngoma au Sikinde, wala vijana wanaocheza nyuma ya msanii wa bongo fleva. Dansi ya kisasa ni uchezaji wa jukwaani ambao mtunzi huanza na jambo analotaka kulisema, iwe msiba, safari au ugomvi wa shamba, kisha hutafuta miondoko ya kulieleza. Anaweza kuchukua kiuno cha sindimba, au akasimama kimya bila ngoma kulia. Dar es Salaam imekuwa na tamasha la aina hiyo, Visa 2 Dance, lililokutanisha wachezaji wa Tanzania na wenzao wa nchi nyingine.

Undugu unajengwa wapi?

Kwa kawaida asubuhi huwa na mafunzo ya pamoja, jioni maonyesho, na baadaye mazungumzo kuhusu kazi zilizoonyeshwa. Uliyetoka naye jasho asubuhi ndiye anayekutazama usiku, naye anajua mguu umeteleza wapi. Hapo ndipo watu hupeana namba za simu, hualikana na kuambiana malipo ya kazi. Mchezaji anayejua wenzake wanalipwa kiasi gani si rahisi kupunjwa. Na kwa kuwa tamasha hurudi mwakani, kila mmoja anajua ataulizwa amefanya nini tangu waachane.

Ngoma za asili nazo zina mifano. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kilianza mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka likaanza 1982. Hapa kusini, Mtwara imekuwa na tamasha la MaKuYa, jina linalounganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Vipi kuhusu siri za jando na unyago?

Wazee wana sababu ya kuuliza. Baada ya uhuru, sindimba ilipelekwa kwenye majukwaa ya taifa, na wapo walioona kiuno chake kuwa aibu kwa sababu hawakuijua maana yake nyumbani. Ngoma ikisafiri bila wenyewe, maana hubaki nyuma. Wenyewe wakiwapo, wanaweza kusema hii inatoka, hii inabaki porini na wari wetu.

Kikundi kianzie wapi?

Muone afisa utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza kuhusu usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Piga hesabu ya nauli mapema: barabara ya Masasi hadi Mtwara kupitia Newala ni takriban kilomita 210, na kikundi cha watu 15 chenye ngoma zake hakiingii kwenye bodaboda. Jueni pia kwamba matamasha mengi hutegemea wafadhili. Mwaka fedha zisipopatikana, hayafanyiki.

Ndiyo maana si lazima kungoja kualikwa. Vikundi vya kata mbili au tatu vinaweza kukutana siku moja ya kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na korosho hazijaanza kuokotwa. Asubuhi kila kikundi kifundishe wenzake mtindo mmoja, mchana watu wale pamoja, jioni wachezeane. Meza kuu haihitajiki; viti vipangwe duara.